Zimamoto na Sauti ya Dalali

Mumewe ndiye aliyempa jina la Zimamoto, na hakumsingizia. Kila alipotaka kutoka nyumbani, hata kama anakwenda dukani kufuata kiberiti, mama huyu alizunguka vyumba vyote akichomoa plagi ukutani. Pasi, redio, feni, chaja za simu, taa ya cherehani yake. Friji peke yake ndiyo iliyosamehewa, na hiyo nayo ilipapaswa kwanza ubavuni kama mtoto anayepimwa homa. Akishafunga mlango na kufika getini, anasimama, anarudi. "Hivi pasi nimechomoa?" Pasi yenyewe haijawashwa tangu juzi, lakini anarudi.

"Nyumba hii haiungui ng'o," mumewe alikuwa akiwaambia wageni. "Moto ukija unakuta soketi tupu, unaona haya, unaondoka."

Mume huyo alikuwa dalali wa mnada, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Dalali. Miaka thelathini na moja alisimama juu ya kreti akinadi vitanda, makabati, baiskeli na masufuria ya watu, kwa sauti nene yenye mkwaruzo mwishoni, kama kitambaa kigumu kinapochanwa. Akirudi nyumbani hakuizima. Mkewe akileta chai, anapokea birika juu juu na kuanza: "Chai ya moto! Mara ya kwanza! Mara ya pili! Nani zaidi? Imekwenda kwa mzee mwenye kipara!" Na anajimiminia mwenyewe. Mkewe alikuwa anacheka kwa miaka yote hiyo kama ndiyo anasikia leo.

Halafu sauti ikaanza kukauka. Wakadhani mafua, wakadhani vumbi la mnadani. Kumbe ni uvimbe kooni. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Mzee atapona, atakula, atatembea, atamgombeza mtu kwa macho, ila kusema hatasema tena.

Siku ile hakuna aliyekula. Lakini walikuwa na binti mmoja, fundi wa kompyuta, na yeye hakulia mbele yao. Alikuja na kipaza sauti kidogo na blanketi.

"Baba, hii sauti tuiweke akiba kabla hawajaichukua," alisema.

Kwa wiki tatu Dalali alikaa chumba cha nyuma, mbele ya kompyuta ya binti yake, amejifunika blanketi ili kelele za nje zisiingie, akasema sentensi baada ya sentensi. Ahsante. Naomba maji. Hapa panauma. Habari za asubuhi. Nyingine alizitunga mwenyewe: "Usinipigie kelele, mimi bubu, si kiziwi." Binti alikuwa na tableti ya kioo ambayo angeipangia vitufe, kila kitufe na sentensi yake. Baba akigusa kitufe, sauti inatoka. Sauti yake mwenyewe, wala si ile ya mashine inayoongea kama inasoma tangazo.

Mpango ulikuwa mzuri. Lakini hospitali ikawahisha siku ya upasuaji kwa wiki nzima, na mambo yakafanyika mbio mbio. Jumanne Dalali akapasuliwa. Jumatano asubuhi binti akaipa kompyuta kazi ya kukata zile rekodi ndefu kuwa sentensi moja moja na kuipa kila moja jina. Akamwambia mama yake mlangoni, mkoba begani:

"Mama, hii mashine inafanya kazi. Usiiguse mpaka nirudi."

"Niiguse ya nini? Mimi na hiyo tunajuana?"

Saa nane mchana mawingu yakashuka. Zimamoto alikuwa chumba cha mbele, ambako ndiko kwenye duka lake la ushonaji, anatia lastiki kwenye sare ya mtoto. Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ikatikisa vioo. Mkono haukuuliza kichwa. Alichomoa cherehani, akachomoa pasi, akachomoa redio, akaingia chumba cha nyuma akachomoa kompyuta. Kioo kikafa. Hapo ndipo alipokumbuka.

"Mungu wangu. Inafanya kazi."

Akairudisha plagi haraka na kubonyeza kitufe. Kioo kikawaka cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza yakaanza kupanda kwenda juu, mengi, mbio, kama vile imekasirika. Yeye alisoma mpaka darasa la saba na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alichoona ni mashine imepagawa. Na radi ya tatu ikapiga. Akachomoa tena. Akasubiri, akachomeka, maandishi yakarudi, akaogopa, akachomoa. Radi zilipoisha akachomeka mara ya mwisho, na safari hii maandishi yakasimama yenyewe.

Wewe unayesoma, ukiona maandishi ya namna hiyo yanapanda kwenye kioo cha mwanao, iache. Kompyuta ilikuwa imejijua ina jeraha na ilikuwa inajishona. Kila Zimamoto alipochomoa, alikuwa anaikatia uzi sindano ikiwa ndani. Lakini hakujua, na hakuwepo wa kumwambia.

Binti alirudi saa kumi na moja, akakuta kioo cheusi na mstari mmoja mweupe uliosimama. Akavuta kiti taratibu.

"Mama. Kumetokea nini?"

Zimamoto alishika sikio. Alikuwa na kasoro hiyo tangu utoto, akitaka kusema uongo mkono unapanda sikioni, lakini binti alikuwa ameinama chini ya meza anatazama nyaya.

"Umeme ulikatika. Halafu ukarudi kwa kishindo, taa ikapiga mwanga mkubwa hivi, paa!"

 Binti akatoka chini ya meza, akakaa sakafuni, uso umempauka.

"Kwa kishindo?"

"Kishindo."

"Basi sigusi. Umeme ukiipiga diski yenyewe, kila nikiiwasha naikwaruza zaidi. Itabidi niifungue niipeleke kwa wataalamu wa diski zilizoumia. Wiki tatu. Nne."

"Na Jumamosi?"

Jumamosi ndiyo siku ambayo baba alikuwa anarudi nyumbani.

"Jumamosi atakuta tableti haina kitu, Mama." Akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Na kosa ni langu. Mimi ndiye ninayewaimbia wateja kila siku, weka nakala mbili, weka nakala tatu. Ya baba yangu mwenyewe nimeweka moja. Nilisema nitafanya Jumapili."

Zimamoto akaingia jikoni. Aliosha kikombe kilichokuwa safi.

*

Alhamisi saa ya kuona wagonjwa alimkuta Dalali amekaa kitandani, shingo imefungwa bandeji, ana daftari na kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, maana hata kalamu kwake ilikuwa inanadi.

NYUMBA HAIJAUNGUA?

"Haijaungua," akasema mkewe, akacheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka.

Akaandika tena. SAUTI YANGU IKO TAYARI? JUMAMOSI NATAKA KUINGIA MLANGONI NA MNADA.

"Iko tayari, Baba. Inakusubiri wewe tu."

Dalali akamtazama. Akachora kitu daftarini na kumgeuzia. Ilikuwa picha ya sikio, na mkono umelishika.

Zimamoto akashusha mkono haraka kama aliyeungua. Akasema chupa ya uji anaisahau siku hizi, akasema nesi anamwita, akasema mambo matatu yasiyo na kichwa wala miguu, akatoka. Kwenye ngazi za hospitali alisimama pembeni watu wapite. Thelathini na moja, alijihesabia, miaka thelathini na moja mtu huyu ameweka sauti juani na kwenye vumbi kwa ajili yetu, na mimi nimeichomoa ukutani kama pasi. Na sasa nimedanganya mara ya pili.

Akatembea kurudi nyumbani karibu mbio.

Binti alikuwa ameshaomba ruhusa kazini na ameleta vifaa vyake. Kompyuta ilikuwa imelala ubavu mezani, skrubu tatu ziko kwenye kisosi, bisibisi iko kwenye ya nne.

"Simama!" mama akasema kutoka mlangoni, hajavua hata viatu. "Hakukuwa na kishindo."

Bisibisi ikasimama.

"Umeme haukukatika. Ni mimi. Radi ilipiga nikachomoa."

Binti akamgeukia polepole. "Ulichomoa mara ngapi?"

"Moja."

"Mama."

"Mbili."

"Mama!"

"Tatu. Ya nne sikuichomoa mimi, mwanangu, ilisimama yenyewe. Nadhani kwa kuniogopa."

Alitegemea ukelele. Alikuwa tayari kabisa kwa ukelele, hata mkoba alikuwa ameukumbatia kifuani. Binti aliweka bisibisi chini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na mama akafikiri analia mpaka alipomwona meno.

"Unacheka nini?"

"Mama, hiyo ni habari njema! Ukichomoa, diski haijapigwa na kitu. Kilichochafuka ni mpangilio wake, na mpangilio unatengenezeka. Ningeifungua hii, ningeipeleka mbali wiki nne bure." Akafuta macho. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa utanichukia."

"Nikuchukie? Nimekuzoea. Nilipokuwa mdogo ulinichomolea hata feni nikiwa nimelala chini yake."

Wenye watoto mafundi wasikie hapa: uongo ule mdogo wa kushika sikio ulikuwa na madhara zaidi kuliko kule kuchomoa mara tatu. Fundi ni kama daktari. Usimpe dalili za kutunga, atakutibia ugonjwa usio wako.

*

Skrubu tatu zikarudi mahali pake, na kazi ikaanza mchana ule ule. Zimamoto alipewa kiti na sharti moja, akae na mikono mapajani.

Kwanza binti hakuiwasha kompyuta kwa mfumo wake. Alichomeka flashi, akaiwasha kutoka kwenye hiyo flashi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kurekebisha diski ikiwa inatumika. Inabidi ilale kwanza, isiguswe na kitu kingine."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko alivyotegemewa. Dukani kwake hakuna mteja aliyewahi kushonewa kifungo akiwa amevaa shati, hata awe na haraka ya harusi. Vua, subiri nyuma ya pazia. Aliwahi kumchoma mtu kwapani mwaka wa kwanza wa kazi na hakurudia.

Kwenye kioo hakukuwa na picha wala rangi. Weusi mtupu na kidoti kinachokonyeza. Binti anaandika neno, anabonyeza, mashine inajibu kwa maneno. Amri yake ya kwanza ilikuwa ya kunakili diski nzima, tone kwa tone, kwenda kwenye diski nyingine aliyokuja nayo.

"Tutafanyia kazi kwenye nakala. Nikikosea, ya baba iko palepale."

"Kama kukata karatasi kabla ya kitambaa."

"Hivyo hivyo. Ungekuwa fundi wewe."

"Mimi ni fundi," mama akasema, na ilikuwa kweli.

Kunakili kulichukua muda mrefu. Zimamoto alikaa analinda plagi kwa macho. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaiombea plagi ibaki ukutani. Alichukua kipande cha kitambaa chekundu na uzi, akashona herufi kubwa, USICHOMOE, akakifunga kwenye waya.

Ijumaa asubuhi ndipo binti alipoandika amri yenyewe ya ukaguzi. Ilianza na herufi nne. F, s, c, k.

"Hilo neno mbona halina hata irabu? Linatamkwaje?"

"Halitamkwi, Mama, linaandikwa tu. Kazi yake ni kukagua diski. Chukulia duka lako. Una rafu za nguo, na una daftari linalosema gauni la nani liko rafu gani. Wewe ulipochomoa, daftari lilikuwa linaandikwa. Kurasa zimechanika. Nguo bado ziko rafuni, ila daftari linasema mambo ya ajabu. Hii amri inapita rafu moja moja na kulinganisha."

"Basi ilinganishe."

"Kwanza nimeiambia iangalie tu, isibadilishe kitu."

Mistari ikaanza kutoka, mmoja mmoja, na mwisho wa kila mstari kulikuwa na alama ya kuuliza. Binti akamtafsiria. Jina hili linaelekeza mahali pasipo na kitu, nilifute? Vitu viwili vinadai rafu moja, nitenganishe? Kitu hiki hakina jina, nikiokote?

"Inauliza kwa adabu," mama akasema. "Mjibu ndiyo, asisubiri."

"Ndiyo ya haraka ndiyo inayoua, Mama. Kuna njia ya kuiambia ijijibu ndiyo kwa kila kitu, mtu akaenda kunywa chai. Ukirudi unakuta daftari safi na rafu tupu. Hapa nasoma lote kwanza."

Alisoma lote. Ilimchukua nusu saa, kidole kwenye kioo, midomo inacheza, na mama yake akamwona alivyofanana na baba yake akikagua kabati kabla ya kulinadi, akigonga kila mbao. Kisha akairudia amri, safari hii kwa kurekebisha, akijibu swali moja moja. Ndiyo. Ndiyo. Hapa subiri. Ndiyo. Pale paliposema *nilifute* alisita, akaandika kitu kwenye karatasi, akaendelea.

Mwisho mashine ikanyamaza na kidoti kikarudi kukonyeza.

"Imekubali," binti akasema, sauti ndogo. "Diski imefunguka."

Zimamoto alirusha mikono juu, akakumbuka sharti, akairudisha mapajani.

Lakini haikuwa imekwisha. Nusu ya sentensi za Dalali zilikuwa na majina yake, nzima. Nyingine zilikuwa zimetupwa kwenye kapu. Kila diski ina kapu hilo, ambamo ukaguzi unaweka vitu vilivyookotwa bila jina. Humo kulikuwa na vipande themanini na kitu, vyote vina namba tu. Na kati yake kulikuwa na kelele za kompyuta zisizo na maana, na nusu sentensi, na kikohozi.

"Sijui kipi ni kipi," binti akasema. "Wakati anasema vingi nilikuwa kazini. Alikuwa anabonyeza mwenyewe."

"Mimi najua," akasema Zimamoto. "Nipe hivyo visikilizio."

Dukani kwake, kibandiko kikidondoka kwenye nguo, hakuna haja ya daftari. Anageuza pindo, anatazama mshono, anasema hii ya mwalimu, hii ya mke wa fundi bomba. Sasa alikaa na visikilizio masikioni, macho amefumba, binti anampigia kipande kimoja kimoja.

"Hiyo ni *Ahsante*. Lakini ile ya kumwambia mtu asiyempenda. Andika, Ahsante ya mbali." Kipande kingine. "Hiyo ni *Naomba maji*, alikuwa na njaa siku hiyo, sikia." Kingine kilikuwa pumzi tu, kisha kijiko kikigonga kikombe. "Endelea, hajaanza. Akigonga kijiko anataka kusema *Samahani*, anaiogopa." Na kweli, samahani ikatoka, ya haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Binti aliandika majina, akimtazama mama yake zaidi ya kioo.

Kufika adhuhuri kapu lilikuwa karibu kuisha na orodha ilikuwa karibu kujaa. Kitufe kimoja tu kilikosa kitu. Binti alikwepa kukitaja, mama akakiona mwenyewe kwenye karatasi.

"Na hiki? *Zimamoto, umechomoa?*"

"Kiko kwenye ile sehemu iliyokuwa inaandikwa ulipo... wakati ule. Kimefutika kabisa, Mama. Nimetafuta mara mbili, hata kwenye diski yenyewe. Nisamehe."

Mama aliisoma tena ile karatasi. Kati ya sentensi zote za mume wake, aliyoichomoa ilikuwa ile ya kumwita yeye. Alinyoosha kidole kuonyesha kwamba waendelee.

Kipande cha mwisho kilikuwa kirefu. Kulikuwa na blanketi likisuguliwa, kiti kikilia, halafu Dalali, taratibu, si sauti ya mnadani:

"Hii inawaka? Inawaka. Haya. Kipaza, nikwambie siri, wewe huna mdomo. Naogopa. Naogopa sana. Ila usimwambie Zimamoto. Akijua naogopa atakwenda kuchomoa hospitali nzima." Kikohozi. "Miaka yote hii nimenadi vitu vya watu. Yeye tu ndiye sijawahi kumnadi hata kwa utani. Nani angemmudu?" Na kicheko, kile chenye mkwaruzo, na kimya.

Binti hakuwa na kisikilizio. "Ni nini hicho? Nikiandike jina gani?"

Zimamoto alivua visikilizio, akavishika mkononi kama ndege aliyeokotwa. Mkono mmoja ulianza kwenda sikioni, akauzuia.

"Ni baba yako anaongea na kipaza. Usikipe jina. Kibaki na namba yake." Kisha akaendelea kwa sauti ya dukani: "Mteja akiniletea gauni limetoboka mbele, na kitambaa kile hakipatikani tena sokoni, unajua natoa wapi kiraka?"

"Wapi?"

"Ndani ya pindo. Pale pasipoonekana. Ni kitambaa kilekile, ila hakijapigwa jua." Akamrudishia visikilizio. "Humo ndani amesema jina langu. Mara moja. Toa nakala, ukate hilo jina tu, ulitie kwenye kitufe. Pindo lenyewe usiliguse."

Binti akasikiliza. Alipofika mwisho alimshika mama yake mkono, wakakaa hivyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake asilie. Kisha akakata. Kisha akanakili kila kitu kwenye tableti, diski ya pili na flashi, na nakala ya nne akaipeleka nyumbani kwake, leo, si Jumapili.

*

Jumamosi Dalali aliingia mlangoni amevaa koti, bandeji shingoni, daftari kwapani. Binti akamkabidhi tableti kabla hajakaa. Mzee akaitazama, akatafuta, kidole kikatua.

"Mara ya kwanza!" nyumba ikaitika. "Mara ya pili! Nani zaidi? Imekwenda kwa mzee mwenye kipara!"

Jirani akafungua dirisha. Dalali akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, akashika ukuta, akabonyeza tena, na tena, mpaka mkewe akamwambia amekwisha kuuza nyumba mara sita, apunguze.

Alipita chumba cha nyuma, akaona kitambaa chekundu kwenye waya wa kompyuta. Akasoma. Akamgeukia mkewe na nyusi zimepanda juu.

"Nitakueleza," akasema Zimamoto. "Nilichomoa. Mara tatu. Nikadanganya, nikashika sikio, ukaniona. Mwanao ameikagua diski yote, tumeirudisha. Kasoro moja. Kuna sentensi yangu moja imepotea, na nimetia kiraka."

Dalali akakaa. Akapitisha kidole kwenye vitufe mpaka akakifikia. Akabonyeza.

"Zimamoto," ikasema tableti.

Haikuwa sauti ya kuita mtu aliye jikoni. Ilikuwa ya chini, laini, ya mtu anayemtaja mwingine akiwa hayupo. Mzee akakunja uso. Akabonyeza tena, akainamisha sikio, na hapo akakumbuka alikuwa wapi na alikuwa anamwambia nani, na mkewe akaona anavyokumbuka. Akavuta daftari. Akaandika, kwa herufi ndogo safari hii, na kumgeuzia.

Umesikia yote?

"Yote. Mpaka kicheko."

Akatazama chini. Akaandika tena.

Na hukuchomoa hospitali?

"Nilitafuta waya wake kila siku," akasema Zimamoto, akamkalia karibu na kumshika mkono wenye kalamu. "Sikuuona."